Fumbo Lisilo na Sura: Uanamke na Maumbile katika Sanaa za Wanawake, kutoka Mbarara hadi Nakivale

Wahakiki wanaotafuta uanamke katika sanaa mara nyingi huanza na mwili wa mwanamke: uso, ujauzito, mtungi kichwani. Kusini-magharibi mwa Uganda mkabala huo huambulia patupu. Sanaa mbili zilizokuzwa na wanawake wa Ankole na jirani zao wa Rwanda hazimchori mwanamke hata kidogo. Makala haya yanahoji kuwa fumbo la sanaa hizo limo katika ujuzi wa kuyageuza maumbile kuwa pambo, na kwamba ujuzi huo una madai yake kwa sera ya wakimbizi.

Mfano wa kwanza ni kifuniko cha ekyanzi, chombo cha mti cha kuhifadhia maziwa huko Ankole. Kwa desturi mwanamume alichonga chombo, mwanamke akasuka kifuniko chake kilichochongoka, chenye ruwaza za mistari na pembetatu. Mwanamke huyo huyo alikifukiza chombo kwa moshi wa nyasi ili maziwa yanukie vizuri. Jina la mji wa Mbarara lenyewe hunasibishwa na nyasi iitwayo emburara. Anayekitazama kifuniko huona maumbo ya kijiometri. Anayekifunua hukutana na moshi na malisho. Makumbusho ya Eriijukiro katika kituo cha Igongo, Biharwe, yanaweza kuhifadhi vyombo vya Ankole. Harufu huhifadhiwa na watu tu.

Mfano wa pili ni imigongo, neno la Kinyarwanda ambalo Mswahili hulitambua mara moja, kwani umugongo ni mgongo. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kwa vidole iwe matuta membamba, kisha hupakwa rangi: nyeupe na nyekundu za udongo, nyeusi ya majivu na utomvu wa mshubiri. Simulizi humtaja mwanamfalme Kakira wa Gisaka kuwa mwasisi, ilhali mikono iliyoirithisha sanaa hiyo ni ya wanawake, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanawake wa Nyakarambi waliihuisha kwa njia ya ushirika. Simulizi hiyo yafaa isomwe kwa tahadhari. Mwanamume hupewa jina la mbunifu. Mwanamke huachiwa sifa ya kuwa kiumbe wa siri, aliye karibu na ardhi. Sifa ya aina hiyo yaweza kuwa njia ya adabu ya kumnyima mtu umiliki wa kazi yake.

Suala hili lina uzito wa pekee Nakivale, wilayani Isingiro, makazi yaliyopokea wakimbizi wa Rwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambamo leo huishi pia Wakongo, Warundi na Wasomali. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, na utaratibu wa makazi huwapa kiwanja cha kujenga na kulima. Hata hivyo kiwanja hakiji na ng'ombe, wala idhini ya kukata nyasi, wala mahali pa kuchimba udongo mweupe. Aliyehama na ujuzi bila malighafi amehama na nusu ya sanaa yake. Akipewa ubao na rangi za dukani ataweza kurudia ruwaza na kuziuza, na kipato hicho si cha kubezwa. Lakini mwanawe atajifunza pambo bila kujifunza mmea, udongo wala mnyama aliyelizaa.

Itajibiwa kwamba ardhi ya Isingiro tayari inagombaniwa na wafugaji na wakulima, na kwamba nyasi zenyewe zina wenyewe. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayoonyesha njia. Wanawake wa Ankole na wanawake wakimbizi wanahitaji samadi, nyasi na udongo ule ule. Makubaliano ya kuvitumia yapaswa kuandaliwa nao, mradi wa kazi za mikono usijaanza. Vilevile, anayenakili ujuzi wao hana budi kuwataja kwa majina wakiridhia, kuwalipa kama walimu, na kukubali wanapochagua kunyamaza. Siri ni mali ya aliyeitunza.