Mwovu na Mbovu: Kuufasiri Uovu katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Mhakiki wa fasihi simulizi hana haki ya kuudharau mchezo kwa sababu tu unaitwa mchezo. Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, ni usimulizi hasa. Watu wachache huketi mezani. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia huvaa nafsi ya mhusika, akanena na kutenda kwa niaba yake, huku dadu zikiamua yale yasiyoamuliwa na maneno. Mwandishi wa makala haya aliujua mchezo huu alipokuwa masomoni ng'ambo, na tangu hapo swali moja limemkaa moyoni: mhusika anapoandikiwa kwamba ni mwovu, tumeambiwa nini juu yake?

Toleo la 1974 lilimpa kila mhusika mmoja wa mielekeo mitatu: utaratibu, vurugu, au ule wa katikati. Wazo hilo lilichotwa katika riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo nguvu hizo mbili zinashindana. Hapa mwelekeo ni bendera: watuonyesha mtu yumo katika jeshi gani, hautuonyeshi ana moyo gani. Mwaka 1976 Gygax aliongeza mhimili wa pili, wa wema na uovu, na kufikia 1978 mielekeo ilikuwa tisa. Mitatu kati yake ni ya uovu: mwovu mshika sheria, mwovu mvurugaji, na mwovu asiyeelemea huku wala huko.

Fikira ya bendera haikutoweka mara moja. Katika kanuni za msingi za 1981, zilizohaririwa na Tom Moldvay na kubaki na mielekeo mitatu ya awali, kila mwelekeo ulikuwa na lugha yake ya siri isiyoandikwa. Aliyebadili mwelekeo aliisahau lugha ya kwanza na kuanza papo hapo kuitumia ya pili. Mwanaisimu atatabasamu, kwani lugha haimtoki mtu hivyo. Hata hivyo kanuni hiyo yatufunulia jambo: maadili yamefanywa kuwa uanachama.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba vitabu hivi vina mizani mbili. Kwa mhusika wa mchezaji, mwelekeo ni jambo la matendo: kitabu cha msimulizi cha 1979 kilimtaka afuatilie mwenendo wa kila mhusika, na kumbadilishia mwelekeo iwapo matendo yake yameukana. Kwa zimwi, mwelekeo ni jambo la asili: katika kitabu cha mazimwi cha 1977 uovu umeorodheshwa pamoja na kasi ya mwendo na hazina. Mmoja anahukumiwa kwa aliyoyatenda, mwingine kwa alivyozaliwa.

Tuchukue mfano wa orki. Mwaka 1977 aliandikwa kuwa mwovu mshika sheria. Katika toleo la tatu la 2000 akawa mwovu mvurugaji. Je, orki alitenda nini katikati ya miaka hiyo hata akastahili hukumu mpya? Hakutenda lolote. Kilichogeuka ni kalamu ya mwandishi, na asili inayogeuzwa kwa kalamu si asili. Mwaka 2020 wachapishaji wenyewe, Wizards of the Coast, walikiri hadharani kwamba maelezo ya viumbe kama orki yalifanana mno na maneno ambayo kwayo makabila halisi ya watu yamedhalilishwa. Ungamo hilo lilichelewa, lakini lilikuwa la haki.

Kiswahili chaweza kutusaidia hapa. Maneno mwovu na bovu yana mzizi mmoja. Twasema embe bovu, wala hatudai kwamba lilichanua likiwa bovu. Lilikuwa zima, kisha likaharibika. Nadhani hiyo ndiyo fasiri bora ya mwelekeo wa uovu: habari ya kuharibika, yenye mwanzo na sababu, ambayo msimulizi ana wajibu wa kuieleza.

Wapo watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, mielekeo yote ya uovu ifutwe. Sikubaliani nao. Yule mwovu mshika sheria ni uvumbuzi wenye thamani, kwa kuwa anatenganisha mambo mawili ambayo toleo la 1974 liliyaacha yakichanganyika: utii na wema. Mashetani wa mchezo huu ni wa mwelekeo huo; wana vyeo na mikataba, na neno walilolitia sahihi hawalivunji, bali hulitumia kumwangamiza aliyelitia sahihi pamoja nao. Mchezaji anayemwigiza mhusika wa namna hiyo hujifunza kwamba dhuluma yaweza kutendwa bila kanuni hata moja kuvunjwa. Somo hilo si dogo.

Basi neno libaki, lakini lisisomwe kama jina la kabila. Msimulizi anapotuambia kwamba fulani ni mwovu, tumwulize kama tunavyomwuliza mtunzi yeyote: kwa tendo gani? Asipokuwa na jibu, hajatupa mhusika. Ametupa shabaha ya kupigwa mishale.