Fasihi yetu ya vita imemsahau mtoto wa mpiganaji

Barua ilinifikia majuzi kutoka Makutano, pale mjini Meru. Aliyeiandika ni mwanafunzi wa shule ya upili. Mwalimu wao amewapa insha ya "Shujaa Wangu" naye angependa kuandika juu ya babake, aliyekuwa mwanajeshi nchini Somalia, lakini amekwama. Mchana mzee ni mpole. Usiku huamka akitoa amri. Mlango ukigongwa kwa nguvu hujitupa sakafuni, kisha hukasirikia yeyote aliyemwona. Kijana anauliza mambo mawili: "Mwalimu, hii hali inaitwaje kwa Kiswahili? Na kuna kitabu chochote kimeandika mtoto kama mimi?"

Swali la kwanza lina majibu mengi mno, la pili lina machache mno. Nashuku yanahusiana.

Tuanze na neno. Washauri nasaha na wanahabari wetu wamelikumbatia "kiwewe". Si neno baya, ila hebu litazame linavyotumika: mtu hupigwa na kiwewe, huingiwa na kiwewe, hushikwa na kiwewe. Ni jambo la ghafla, la dakika ile nyoka anapokatiza njia. Babake kijana huyu hajapigwa na kiwewe. Anaishi nacho, anakula nacho. "Jinamizi" nalo huondoka mtu akiamka, na tatizo la mzee huyu ni kwamba akiamka ndipo linapoanza. "Kihoro" ni majonzi ya aliyepoteza mtu au kitu. Wapo pia waliotafsiri istilahi ya madaktari neno kwa neno, wakapata msururu ambao hakuna mke wa askari atakayeutamka jikoni. Sisemi tuutupe. Hospitalini una kazi yake.

Kwa insha, ningependekeza kauli ya kawaida kabisa: vita havijamtoka baba. Katika Kiswahili, jasho humtoka mtu, pepo humtoka, roho humtoka. Kitenzi hicho kinaviweka vita ndani ya mwili, mahali vilipo hasa. Na ile "-ja-" ya ukanushi ina hekima yake, kwani "havijamtoka" si sawa na "havitamtoka".

Tusijilaumu sana kwa uchanga wa istilahi. Baada ya vita vya 1914-1918 Waingereza walizungumzia mshtuko wa mizinga, kana kwamba shida ilikuwa kelele tu. Madaktari wa akili wa Marekani waliipa hali hii jina rasmi linalotumika leo mwaka 1980. Hapa kwetu lugha ya maradhi ya akili ilikuja kwa njia mbovu zaidi. Mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti ya daktari J. C. Carothers, aliyewahi kusimamia hospitali ya Mathari, akieleza Mau Mau kama tatizo la akili ya Mwafrika aliyeshindwa na mabadiliko. Yaani madai ya ardhi yaligeuzwa ugonjwa. Ukishaitwa mwendawazimu kwa sababu ulidai shamba lako, utakubali vipi baadaye kusema kwamba hulali usiku? Ongeza hapo kwamba marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Meru ilijua uzito wa kimya hicho. Musa Mwariama alitoka msituni na wapiganaji wake uhuru ulipopatikana, akapokewa na Kenyatta. Jenerali Baimungi, mwenzake wa msitu uleule wa Mlima Kenya, aliuawa mapema mwaka 1965 na vikosi vya Kenya huru. Mzee wa Meru au Embu aliyeyaona hayo mawili alikuwa na sababu nzuri ya kufunga mdomo hata mbele ya wanawe.

Basi, fasihi ilifanya nini? Tenzi zetu za vita, kuanzia Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 hadi ule wa Hemedi bin Abdallah kuhusu vita vya Wadachi, ni hazina. Lakini zina mipaka yake: vita hupiganwa, wafu huhesabiwa, mtunzi hujitaja na kuomba dua. Nani alirudi kwake na akawa mtu wa namna gani, hilo si shughuli ya utenzi. Wasifu wa wapiganaji, kama kile kitabu cha Waruhiu Itote cha mwaka 1967, umejaa Burma na msitu, na msimulizi ni mpiganaji mwenyewe. Ajabu ni kwamba lugha yenyewe ilikumbuka zaidi ya waandishi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina ya wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Tunanunua vitunguu humo bila habari.

Mtoto tunayemtafuta yumo katika Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1964, ingawa wahakiki wengi tumeisoma kama kisa cha ardhi na elimu tu. Isome upya ukiwa umeketi karibu na Njoroge. Kuna usiku ambapo Ngotho, babake, anawasimulia watoto asili ya ardhi, na humo humo anataja alivyochukuliwa kwa nguvu kwenda vita vya kwanza kufyeka misitu na kutengeneza barabara. Vita vya Ngotho vimepata mahali katika hadithi, vinaweza kusemwa. Boro, mwanawe mkubwa, yumo nyumbani mle. Yeye ametoka vita vya pili, alikompoteza nduguye Mwangi. Haongei, anakunywa. Anachoweza kutoa ni swali la hasira kwa babake: aliwezaje kuendelea kumfanyia kazi aliyemnyang'anya shamba? Kisha anatoka nje. Njoroge anabaki na vita viwili katika nyumba moja, kimoja kina ngano na kingine hakina.

Na mzungu Howlands? Naye alipigana vita vile vya kwanza, akaja Kenya kukimbia dunia iliyomwangusha. Vita vya pili vikamla mwanawe Peter. Akabaki na Stephen, mvulana anayejificha kando ya barabara akitamani kuzungumza na watoto Waafrika. Hali ya hatari inapotangazwa, Howlands anakuwa afisa wa wilaya, na ndiye anayesimamia kuhasiwa kwa Ngotho. Mwenye kovu la vita akawa mwenye koleo. Hapo Ngũgĩ anatukatalia huruma rahisi, na nadhani ndipo riwaya hii ina nguvu kuliko hotuba zake za elimu.

A Grain of Wheat (1967) inanisumbua zaidi. Gikonyo anarudi kutoka kizuizini baada ya miaka sita na kumkuta mkewe Mumbi na mtoto wa Karanja. Kinachomwandama ni sauti ya nyayo zilizopiga sakafu ya saruji siku aliyokiri kiapo huko kambini Yala. Sijui maelezo bora ya vita visivyomtoka mtu katika riwaya yoyote ya Kenya. Siku moja mtoto anamjia, naye anamsukuma kwa nguvu, mtoto anaanguka. Mumbi anaondoka naye. Sisi wasomaji tunaandamana na Gikonyo. Mtoto hatumsikii tena isipokuwa kupitia kwa wakubwa. Ni kweli, mwishoni akiwa hospitalini, Gikonyo anaonekana kuguswa na hali yake. Lakini taswira anayoichagua Ngũgĩ kwa uponyaji ni kigoda ambacho Gikonyo anataka kukichonga, chenye umbo la mama mjamzito. Tumaini limepewa mtoto ajaye. Yule aliyesukumwa bado hajaulizwa aliona nini, wala riwaya zetu za Kiswahili hazijamuuliza, miaka kumi tangu shambulizi la El Adde la Januari 15, 2016 na wanajeshi wakirudi vijijini kila msimu.

Kitabu kimoja kilimuuliza. The Wretched of the Earth cha Frantz Fanon, cha mwaka 1961, kipo kwa Kiswahili kwa jina Viumbe Waliolaaniwa. Sura kuhusu vita na maradhi ya akili huko Algeria haisomwi sana. Humo yumo inspekta wa polisi Mfaransa aliyetesa watu kazini, kisha akaanza kuwapiga watoto wake nyumbani, hata mchanga wa miezi ishirini. Anamwendea daktari akitaka atibiwe ili aendelee kutesa bila kusumbuliwa na dhamiri. Yumo pia binti Mfaransa, ambaye babake alikuwa afisa mkubwa. Aliporudi nyumbani likizoni, alisikia usiku mayowe ya watu wakiteswa chini ya chumba chake. Babake akauawa, na maafisa wakaja mazishini kumsifu kwa uadilifu wake. Binti yule alichefuliwa na sifa zile.