Mubashara Mpaka Lini?

Kuna rekodi moja ya tamasha ambayo nimeisikiliza mara nyingi mno, na kila mara huwa nangoja kitu ambacho si muziki. Ni London, ukumbi wa Royal Albert Hall, tarehe 21 Agosti 1968. Okestra ya Taifa ya Muungano wa Kisovieti imeketi tayari. Kabla ya muziki kuanza, watu wanapiga kelele ukumbini, na wengine wanawanyamazisha wenye kelele. Siku hiyo hiyo dunia imeamka na kukuta vifaru vya Kisovieti vimeingia Prague. Ratiba nayo, iliyopangwa kitambo, inamtaka Mstislav Rostropovich, raia wa Kisovieti, apige konseto ya sello ya Dvořák. Na Dvořák ni nani? Ni Mcheki.

Waliokuwepo wanasimulia kwamba Rostropovich alipiga huku machozi yakimtoka, na alipomaliza aliinua juu karatasi za nota za Dvořák ili ukumbi mzima uzione. Ni upigaji wa ajabu, sikatai. Lakini kinachonirudisha kwenye rekodi hii ni zile kelele za mwanzo. Fundi wa BBC hakuzizima. Ziko pale mpaka leo, zimeingia hata kwenye diski iliyotolewa miaka mingi baadaye, kana kwamba ni sehemu ya konseto yenyewe.

Ili kuuona uzito wa jambo hilo, lazima tujue nani alikuwa mwenye shughuli. Redio nyingi huenda kwenye tamasha kama mgeni mwalikwa: zinapewa kona, zinatandaza nyaya, zinarusha kinachorushika, zinaenda zao. Proms si hivyo. Matamasha hayo yalianzishwa mwaka 1895 na Robert Newman, akiwa na kondakta Henry Wood, kwa nia ya kuwauzia watu wa kawaida muziki mzuri kwa tikiti rahisi, mradi wakubali kusimama. Mwaka 1927, wafadhili wa awali walipojitoa, BBC iliyachukua. Mwaka 1930 ikaunda okestra yake. Mwaka 1941 mabomu ya Wajerumani yaliuangamiza ukumbi wa Queen's Hall, na Proms zikahamia Royal Albert Hall, ambako ziko hadi sasa. Katika msimu wa kawaida hufanyika matamasha zaidi ya 70 kwa muda wa wiki kama nane, na kila moja hurushwa mubashara na Radio 3. Kwa hiyo hapa redio ndiyo inayopika, inayopakua na inayokaribisha wageni.

Na inajua kukaribisha. Sikiliza tamasha moja la Proms kwa spika za masikioni na utaona ninachosema. Mtangazaji anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeketi kando yako asiyetaka kumkera jirani. Anakwambia nani anaingia, ukumbi umejaa kiasi gani, kisha anakaa kimya. Unasikia watu wakikohoa kati ya sehemu moja na nyingine, ule mkohoo wa pamoja wa maelfu ya watu waliojizuia kwa dakika ishirini. Muziki unapokwisha kuna sekunde chache kabla ya makofi, na hakuna anayezijaza. Sisi tuliozoea watangazaji wa FM wanaoongea juu ya wimbo mpaka kwenye kiitikio, wakitusalimia na kutusomea jumbe za wasikilizaji, kimya hicho mwanzoni kinatutia wasiwasi. Unadhani stima imepotea. Kumbe ni heshima: redio imekuamini kwamba una masikio.

Basi tatizo langu na BBC si ufundi. Ni kwamba kimya hicho hicho kina binamu yake.

Tarehe 1 Septemba 2011, Okestra ya Filhamoni ya Israeli ilipanda jukwaa hilo hilo chini ya Zubin Mehta. Waandamanaji wanaowatetea Wapalestina walikuwa wamenunua tikiti kama watu wengine. Wakasimama, wakaimba, wakapiga kelele, wakatolewa nje. Wakainuka wengine. Safari hii Radio 3 ilikata matangazo. Ukumbini tamasha liliendelea hadi mwisho. Hewani halikuwepo tena.

Utetezi upo, na si wa kupuuzwa. Mwaka 1968 kelele zilikoma muziki ulipoanza. Mwaka 2011 ziliingia katikati ya muziki, tena kwa mpango. Mpiga fidla naye ana haki ya kusikika. Hata hivyo, najiuliza. Vifaru vya 1968 vilikuwa vya adui wa Uingereza, na hasira ya ukumbi ilikuwa hasira ambayo serikali yenyewe iliikubali. Maikrofoni ni rahisi kuiacha wazi wakati kelele zinamzomea jirani usiyempenda. Kipimo cha mubashara ni siku kelele zinapomgusa rafiki wa nyumba.

Miaka kumi na minne baadaye kipimo kilirudi, mara hii shambani. Glastonbury hufanyika Worthy Farm, Somerset, kwenye ardhi ya familia ya Eavis, na BBC imekuwa mshirika wake wa utangazaji tangu 1997. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu amelima hapo karibu miaka thelathini. Siku hizi halirushi tena nyimbo chache za usiku tu. Majukwaa makuu hurushwa moja kwa moja kwenye iPlayer, saa baada ya saa, na mara nyingi hakuna mtangazaji yeyote katikati. Ni kamera, muziki na wewe.

Tarehe 28 Juni 2025, kwenye jukwaa la West Holts, kundi la Bob Vylan liliongoza umati katika kibwagizo cha kulitakia kifo jeshi la Israeli. Matangazo yaliendelea, onyo likiwa limeandikwa kwenye skrini. Baadaye BBC iliomba radhi na kusema ilipaswa kuyakata. Waliofuata jukwaani, Kneecap wa Belfast, hawakurushwa mubashara kabisa. Waliwekwa kwenye iPlayer baadaye. Shabiki mmoja aliwarusha kutoka umatini kwa simu yake, kupitia TikTok. Siku chache baadaye BBC ikatangaza kwamba wasanii watakaoonekana kuwa wa hatari kubwa hawatarushwa tena moja kwa moja.

Sitajifanya kwamba swali hili ni jepesi. BBC hulipiwa na kaya za Uingereza kwa leseni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025, na miongoni mwa wanaolipa kuna Wayahudi walioketi sebuleni, wakasikia umati ukiitikia neno kifo, wakaogopa. Hofu yao si ya kubuni. Miongoni mwa wanaolipa kuna pia watu wenye jamaa Gaza, ambao walikuwa wakizika huku wengine wakijadili kibwagizo. Redio ya umma ni ya wote hao, tena kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kazi yake ni ngumu kuliko ya shabiki mwenye simu.

Ila mimi nilikuwa nikiyasoma haya nikiwa Kenya, na wiki ile ile. Tarehe 25 Juni 2025, watu walipotoka barabarani kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo vyote vya redio na runinga viache kurusha maandamano mubashara. Mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa, kabla ya Mahakama Kuu kulisitisha agizo hilo. Sisemi shamba la Somerset na barabara za Nairobi ni mamoja. Huko BBC ilijikata yenyewe. Huku mkono ulitoka nje. Huko mtu alikosa tumbuizo. Huku mtu alikosa kujua kama mwanawe yuko salama. Lakini neno lililokuwa mezani ni moja. Mubashara, neno letu la Kiarabu tulilolifanya la runinga, maana yake ni bila kizuizi katikati. Na katika wiki moja nilisikia taasisi mbili zilizo mbali kabisa zikisema: mubashara, ndiyo, ila tukishajua kitakachosemwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tunazungumza kana kwamba mtangazaji wa umma ana swichi yenye pande mbili tu, kuacha au kukata. Kuna upande wa tatu, nao ndio redio ilikuwa nao tangu zamani: mtu anayeongea. Kosa la 2025, kwa sikio langu, halikuwa kuacha maikrofoni wazi. Lilikuwa kuiacha wazi bila mtu. Onyo la maandishi kwenye skrini halimshiki msikilizaji mkono. Ule mnong'ono wa Radio 3 unaotueleza nani amevaa nini na kondakta anapitia mlango gani, ulikuwa wapi siku ambayo ungehitajika kutueleza nini kinatokea, nani anaumia kukisikia, na kwa nini umati unaitikia? Mwaka 2011 pia mtangazaji alikuwepo. Angeweza kubaki hewani na kutusimulia ukumbi unaogombana. Kukata kuliondoa kelele, na habari vilevile.

Sera ya kuwaorodhesha wasanii wa hatari mapema ndiyo dawa mbaya kuliko zote, manake inaugeuza utangazaji kuwa uchungaji wa lango. Orodha haisikii muziki. Inasoma majina. Rostropovich angewekwa wapi kwenye orodha hiyo asubuhi ya tarehe 21 Agosti? Msovieti, okestra ya serikali, ukumbi wenye hasira. Hatari kubwa, bila shaka. Tungepata rekodi safi ya tamasha lingine, wiki nyingine, lisilo na mtu aliyelia.

Tena kuna jambo jingine linalonisumbua kuhusu usiku ule. Rostropovich alipoziinua zile karatasi za nota, kitendo chake hakikutoa sauti. Kwenye rekodi nasikia makofi tu. Nakijua kwa sababu watu walikisimulia. Maikrofoni iliyoachwa wazi huchukua kelele zote, lakini jambo kubwa kuliko yote la usiku huo lilihitaji mdomo wa mtu.

Kwa hiyo, siku redio yetu ya umma itakapoandaa tamasha lake, na ninaomba iandae, swali langu la kwanza halitakuwa nani anaimba. Nitauliza nani ameketi karibu na swichi, ameambiwa nini kabla ya shughuli kuanza, na kama ana ruhusa ya kuongea.