Zimwi Lisilo na Alama

Zimwi la hadithi zetu huwa na alama ya kuliumbua. Linajigeuza kijana mtanashati, linakuja kuposa, linapokewa na wazee, linaondoka na mke. Lakini mahali fulani mwilini pamebaki kitu kilichogoma kugeuka, pengine mkia ndani ya kanzu, pengine mdomo wa pili kisogoni chini ya nywele. Bibi harusi hakioni. Mdogo wake, yule mwenye vidonda aliyekatazwa asifuatane naye, ndiye atakayekiona usiku watu wakiwa wamelala. Msikilizaji anaogopa, lakini anaogopa akijua kwamba alama ipo, na kwamba mwenye macho mazuri atanusurika.

Mwaka 1938 Mmarekani mmoja mwenye miaka 28, John W. Campbell, aliandika hadithi ya zimwi lisilo na alama yoyote. Hadithi inaitwa Who Goes There?, na ilitoka katika toleo la Agosti la Astounding Science-Fiction, jarida ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake. Hakuweka jina lake. Aliandika Don A. Stuart, jina alilolitengeneza kutokana na jina la ukoo la mkewe. Watafiti walioko Antaktika wanafukua kwenye barafu kiumbe kilichoganda miaka milioni 20. Wanakiyeyusha wakidhani ni mzoga. Kinaamka, na hapo inadhihirika kwamba kinaweza kumla mbwa kikawa mbwa, kumla mtu kikawa mtu, pamoja na sauti yake, kumbukumbu zake na kila tabia ambayo wenzake wanaitambua.

Naipenda hadithi hiyo, na zaidi filamu iliyotokana nayo, kwa jinsi mafundi wa nyakati mbili tofauti, mmoja na taipureta, wengine na mpira, nta na kamera, walivyoitii kanuni moja bila kuivunja. Kanuni yenyewe ni hii: kila kipande cha kiumbe hiki ni kiumbe kizima. Ukikikata mkono, mkono utapigania maisha yake peke yake. Ukimwaga damu yake, damu itataka kukimbia.

Campbell hakuanzia patupu. Miaka miwili kabla, jarida hilohilo lilikuwa limechapisha At the Mountains of Madness ya H. P. Lovecraft, ambamo barafu ya Antaktika inaficha viumbe vya nyamanyama vinavyojifinyanga kwa kadiri ya kazi iliyopo. Tena wanaoandika maisha ya Campbell husimulia kwamba mama yake alikuwa na pacha aliyefanana naye kabisa, na kwamba mtoto John aliweza kumkimbilia mama akakuta ni mama mdogo aliyempokea kwa ubaridi. Sihitaji kuamini kwamba utoto ndio ulioandika hadithi. Lakini mtu aliyewahi kuutazama uso wa mama yake na kujiuliza kama ni wa mama kweli ana malighafi ambayo Lovecraft hakuwa nayo. Viumbe vya Lovecraft vinatisha kwa ugeni wao. Cha Campbell kinatisha kwa sababu unakifahamu, umekula nacho, kimekuuliza habari za nyumbani.

Utiifu wa Campbell kwa kanuni yake unaonekana pale watu wa kituo wanapotafuta njia ya kupimana. Kwanza wanajaribu kipimo cha kitaalamu: wanamzoesha mbwa damu ya watu wawili miongoni mwao, ili damu yake ijifunze kutambua ya binadamu. Kipimo kinaharibika, kwa kuwa mmoja wa wale wawili waliotoa damu si binadamu, na hakuna wa kusema ni yupi. Ndipo McReady, mmoja wa watafiti, anapogundua njia nyingine. Damu ya mtu ni majimaji tu, haina shauri. Damu ya kiumbe ni kiumbe. Ichome kwa waya wa moto, itajitetea. Jinsi hadithi ilivyofungwa ndiyo inayonistaajabisha: kile kinachomfanya adui asishindike, yaani uzima wa kila tone lake, ndicho kinachomuumbua. Mwandishi hakuleta silaha kutoka nje. Aliifuata kanuni yake mpaka mwisho, nayo ikazaa ufumbuzi.

Filamu ya kwanza, The Thing from Another World ya mwaka 1951, iliiweka kanuni hiyo pembeni. Ikahamia Kaskazini, na kiumbe kikawa jitu refu la jamii ya mimea lililochezwa na James Arness. Ni filamu nzuri ya watu kusemezana kwa kasi wakiwa wamezingirwa, lakini kiumbe cha Campbell hakimo.

Mwaka 1982 mwongozaji John Carpenter, akiitengeneza filamu ya pili, alirudi kwenye maandishi ya Campbell. Amewahi kusema kwamba tukio la kupima damu ndilo lililomvutia kukubali kazi hiyo. Bill Lancaster, aliyeandika mswada, aliwapunguza watu 37 wa Campbell wakabaki 12, idadi ambayo mtazamaji anaweza kuzibeba kichwani nyuso zake zote. Kazi ya kukijenga kiumbe alipewa Rob Bottin, kijana wa miaka 22. Msanii aliyetangulia, Dale Kuipers, alikuwa ameanza kuchora mnyama mmoja mwenye umbo lake. Bottin alikuja na fikra nyingine: kiumbe hiki kimepita katika sayari nyingi, na kila kilichokila kimebaki ndani yake. Kikibanwa, kinatoa chochote kinachokumbuka, meno ya huyu, miguu ya yule, macho yasiyo ya mnyama yeyote tunayemjua. Kwa hiyo hakina umbo la asili ambalo siku moja tutaonyeshwa. Hilo ni jambo gumu kwa fundi, maana hana sanamu moja ya kuikamilisha. Kila tukio linamtaka aanze upya.

Hakukuwa na kompyuta ya kumsaidia. Bottin na wenzake walifanya kazi zaidi ya mwaka, naye mara nyingi akilala palepale karakana, na mwishowe alilazwa hospitali kwa uchovu. Walitumia mpira, gelatini, nta, mota ndogo, nyaya na pampu. Kwa ute na nyama walitumia mayonezi, mahindi laini ya kopo na bigijii iliyopashwa kwenye maikrowevu. Kazi ilipozidi, kiumbe cha kwanza, kile kinachofumuka kutoka ndani ya mbwa, alikabidhiwa Stan Winston, fundi mwenye jina kubwa. Naye aliomba sifa zibaki kwa Bottin, akatajwa kwa shukrani tu. Kwenye fani ambayo watu hugombania majina, mimi nalihesabu hilo kuwa sehemu ya ufundi wenyewe.

Tazama tukio la Norris. Norris, anayechezwa na Charles Hallahan, ni mtu wa makamo anayeshikashika kifua. Anaanguka. Daktari Copper anamlaza mezani na kuchukua mashine ya kushtua moyo. Anashtua mara ya kwanza. Anapobonyeza mara ya pili, kifua kinafunguka kama mdomo, mbavu zinakuwa meno, na mikono ya daktari inakatika chini ya viwiko. Walifanyaje? Kifua kilikuwa cha kutengenezwa, na taya zake ziliendeshwa kwa mitambo. Daktari wa sekunde zile alikuwa mtu aliyepoteza mikono yote miwili katika ajali, amevikwa barakoa yenye sura ya mwigizaji Richard Dysart na mikono bandia ya gelatini yenye mifupa ya nta na mishipa ya mpira. Anaidumbukiza, taya zinafunga, anarudi nyuma. Picha ni fupi kiasi kwamba jicho halipati nafasi ya kuikagua barakoa. Jicho linaangalia mikono, kwa sababu mpaka sekunde hiyo tulikuwa tunaangalia mikono ya daktari akimwokoa mtu.

Na tukio halijaisha. Wakati wenzake wanauchoma mwili, kichwa cha Norris kinajivuta pembeni mwa meza, shingo inarefuka na kukatika, kichwa kinateremka sakafuni. Kinatoa ulimi mrefu, kinaukunja kwenye mguu wa kiti, kinajiburuza hadi mvunguni. Kisha kinaota miguu ya buibui na kuanza kuondoka kimyakimya kuelekea mlangoni. Kukipiga picha kichwa hicho kuliwagharimu: kemikali walizotumia kuiyeyusha shingo zilitoa mvuke, na walipowasha mwali mdogo mbele ya kamera ili uonekane moto wa mwili ule, mvuke ulilipuka. Hakuna aliyeumia, ila walilazimika kurudia.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba vitisho vyote hivyo vinafanya kazi ya hoja. Mwili unaungua, kichwa kinaukimbia. Mtazamaji akiwa bado anasisimka, MacReady wa Kurt Russell, ndiye yule McReady wa Campbell, ameshafikiri: kichwa kimejitenga ili kijiokoe, basi kila sehemu inajitegemea, basi hata damu. Bottin ameieleza kanuni ya Campbell bila neno hata moja, na tukio linalofuata linapata uzito wake kutoka hapo.

Kuna pia jambo la mwanga. Carpenter hakutaka kukificha kiumbe gizani, kama ilivyo desturi ya filamu zenye bajeti ndogo au sanamu dhaifu. Lakini mpigapicha wake mkuu, Dean Cundey, alijua kwamba mwanga mwingi utaianika gelatini ionekane gelatini. Akashirikiana na Bottin kupima kila sanamu mwanga wake, akitega taa ndogondogo mahali ambapo chumba chenyewe kinaweza kuhalalisha taa kuwapo, ili ziangaze hapa unyevu, pale mkunjo, na kwingine pabaki kivuli. Unaona vya kutosha kuamini, na usichokiona unakimalizia mwenyewe.

Kisha damu. Watu wamefungwa kamba. Kila mmoja amekatwa kidole, na damu yake imo kwenye kisahani cha maabara chenye jina lake. MacReady anapasha ncha ya waya wa shaba kwenye moto, anaichovya: mlio wa kuungua, moshi kidogo, basi. Anapima wa kwanza, anajipima mwenyewe, anapima hata waliokufa. Mmoja wa maiti hao, Clark, alipigwa risasi na MacReady mwenyewe dakika chache kabla, na waya unasema Clark alikuwa binadamu. Childs, mmoja wa waliofungwa, anamwambia wazi maana yake: yeye ni muuaji. Mzozo unahamia kwa Garry, aliyekuwa mkuu wa kituo, sauti zinapanda, na huku mkono wa MacReady unaendelea na kazi kana kwamba sasa ni desturi tu. Ni hapo, katikati ya sentensi, masikio yetu yakiwa kwa Garry, damu ya Palmer, mwingine wa waliofungwa, inaruka kutoka kisahanini ikipiga ukelele. Carpenter alituzoesha mlio mdogo wa waya mpaka tukaacha kuuogopa. Na Palmer ndiye aliyewaonyesha wenzake kile kichwa cha buibui kilipokuwa kinatoroka! Kiumbe kilikisaliti kipande cha jamii yake ili kiaminiwe.

Si kila kitu kilifika kiwango hicho. Jitu la mwisho, lile linalotokana na Blair, mmoja wa watu wa kituo, ni kubwa tu. Sehemu kubwa ya picha zake za sanamu zilizosogezwa hatua kwa hatua iliondolewa, na iliyobaki haina akili ya yale yaliyotangulia. Filamu ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T. kuwapa watu mgeni wa angani wa kumkumbatia, na wahakiki wengi waliikataa kwa maneno makali. Leo wafanyakazi wanaobaki kipupwe chote katika kituo cha Amundsen-Scott, Ncha ya Kusini, wana desturi ya kuitazama ndege ya mwisho ikishaondoka. Mwaka 2011 ilitengenezwa filamu ya yaliyotangulia kisa hicho. Mafundi wa Amalgamated Dynamics walijenga viumbe kwa mikono yao, kwa ustadi mkubwa, lakini vingi vilifunikwa kwa picha za kompyuta kabla ya kuonyeshwa. Viumbe hivyo vinakimbia vizuri, ila havina uzito. Havikai chini ya taa moja na waigizaji, nao waigizaji hawana cha kukodolea macho.

Anayeitazama ya mwaka 1982 kwa mara ya pili asikimbilie matukio ya damu. Amtazame mbwa akitembea korido mwanzoni, bila haraka, akichungulia vyumba, kisha akiingia kwenye chumba ambamo tunaona kivuli cha mtu ukutani. Kivuli cha nani? Carpenter alimtumia mtu ambaye si miongoni mwa waigizaji wale 12, ili umbo lisitambulike. Halafu amtazame Norris. Kama tayari ni kiumbe anapoanguka, basi kiumbe kimemnakili mpaka ugonjwa wa moyo, na kinaanguka kwa maradhi kiliyoyaiga. Na mapema kidogo, Garry anapoachia uongozi, anampendekeza Norris. Norris anakataa, anasema hataweza. Huenda ni mtu anayejua moyo wake haufai. Huenda ni mnyenyekevu tu. Huenda ni kiumbe kinachojua kwamba kiongozi hutazamwa kuliko wote. Hallahan aliucheza muda ule mfupi hivi kwamba majibu yote matatu yanamkaa usoni, na Carpenter hakutuonyesha popote lipi ndilo.