Kilio cha Kuazima: Utunzi na Upokezi wa Wimbo Mmoja wa George Jones

Wahakiki wengi wa muziki wa kantri wa Marekani wamezoea kuusoma wimbo "He Stopped Loving Her Today" (1980) kama ungamo la mwimbaji wake. George Jones alikuwa ametalikiana na mwimbaji mwenzake, Tammy Wynette, mwaka 1975; pombe ilikuwa imemteka; basi, husemwa, kilio kinachosikika ni chake. Usomaji huu ni mwepesi, na unaunyima wimbo sifa yake kuu, yaani ufundi wa kuficha.

Jones hakuutunga wimbo huu. Ni kazi ya Bobby Braddock na Curly Putman, watunzi wa Nashville. Mtayarishaji, Billy Sherrill, aliwarudishia mara kadhaa wauandike upya, akashikilia kwamba mwanamke anayependwa sharti afike mazishini. Jones mwenyewe aliuona kuwa na simanzi iliyopita kiasi, wimbo ambao hakuna angeununua. Studioni alipotea hata katika lahani, akawa anaufuatisha wimbo mwingine wa Kris Kristofferson. Sherrill alisimulia baadaye kwamba kazi ya kurekodi ilichukua miezi 18, na kwamba kilichosumbua hasa ni kifungu kifupi cha kunena: Jones aliweza kuimba akiwa amelewa, kusema hakuweza.

Nguvu ya wimbo imo katika mpangilio wa habari. Msimulizi si mpenzi aliyeachwa. Ni mtu wa pembeni, rafiki anayetoa taarifa. Anataja picha iliyobaki ukutani, barua za mwaka 1962 zilizopigiwa mistari myekundu, na tabasamu ambalo hakuwa ameliona kwa miaka mingi. Kichwa cha wimbo kinaahidi kwamba mwanamume huyu hatimaye amepona mapenzi. Ni shada la maua mlangoni linaloifunua maana: aliyetabasamu ni maiti. Kinaya hiki kinageuza wimbo wa mapenzi kuwa mbolezi bila kumwarifu msikilizaji mapema, na vinanda vinavyopanda katika kibwagizo vinasema kile ambacho msimulizi, kwa staha, hakisemi.

Kifungu cha kunena ndicho kitovu. Mwanamke anapotokea mazishini, uimbaji unakoma. Lahani ingemwezesha msimulizi kulia. Maneno makavu yanamlazimisha ashuhudie tu. Sherrill alikuwa na haki kuling'ang'ania tukio hili, kwa kuwa bila yeye kufika, kifo hicho kingebaki taarifa ya msiba wa jirani.

Upokezi ulimsuta Jones. Wimbo uliongoza chati ya kantri ya Billboard Julai 1980, ukampa tuzo ya Grammy, na Chama cha Muziki wa Kantri kikautangaza Wimbo wa Mwaka 1980 na tena 1981. Hadhira, hata hivyo, iliununua pamoja na wasifu wa mwimbaji. Mpenzi wa taarabu ya Mombasa angeona jambo hili kwa jicho jingine. Ahmad Nassir alitunga, Juma Bhalo akaimba, na msikilizaji aliyeinuka kumtunza mwimbaji hakuhitaji kujua ni nani kati yao aliyeumia. Maumivu yalikuwa ya yule aliyeinuka. Kwa mkabala huo, sauti ya Jones inapasa kuhesabiwa kuwa chombo, tena chombo bora: anavuta silabi, anaikata pumzi, anashusha sauti pale ambapo fanani wa daraja la chini angepiga ukemi. Huo ni umahiri wa kazi, na kuuita ungamo ni kuupunja.

Mei 2013, Alan Jackson aliuimba katika mazishi ya Jones kwenye ukumbi wa Grand Ole Opry, Nashville. Safari hii jeneza lilikuwa la kweli, na Jones, aliyekuwa sauti ya rafiki msimulizi kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa ndiye marehemu anayesimuliwa.