Swali Lisilokuwemo Katika Jalada

Hapa Durban kipo Kituo cha Holokosti na Mauaji ya Kimbari, kilichofunguliwa mwaka 2008, ambako waelekezi huwatembeza wanafunzi mbele ya picha na maelezo. Nyumbani watoto wetu wana mwalimu mwingine: michezo ya kompyuta inayomkalisha mchezaji kwenye kiti cha hakimu. Anasoma ushahidi, anabonyeza ana hatia au hana hatia, anapata alama. Tuzipime njia hizi mbili kwa kesi moja inayotuhusu.

Navi Pillay alizaliwa Durban mwaka 1941, na mwaka 1967 akafungua ofisi yake ya uwakili katika jimbo la Natal. Mwaka 1995 akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilipoanza kusikilizwa Januari 1997, hati ya mashtaka haikutaja ubakaji hata kidogo. Mama mmoja, aliyeitwa shahidi J ili kulinda jina lake, alipokuwa akieleza mengine alitaja kwamba bintiye wa miaka 6 alibakwa. Majaji Laïty Kama, Lennart Aspegren na Pillay hawakulipita neno hilo. Waliuliza. Shahidi mwingine akaongeza. Juni 1997 hati ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari, na ubakaji ukahesabiwa kuwa sehemu yake.

Hapo ndipo mchezo unaposhindwa. Una sifa yake, hatukatai: kijana anayesinzia mbele ya mwelekezi hukesha mbele ya kompyuta, akipima neno la huyu na la yule. Lakini ushahidi wote umekwisha kupangwa na mtengenezaji. Mchezaji anafundishwa kuchagua jibu, hafundishwi kuuliza, na alama zinamhimiza afanye haraka. Kwa mchezo wa namna hiyo, neno la yule mama lingepita hivi hivi.

Mwelekezi naye asijisifu mapema. Akikariri maneno yale yale kama kasuku kwa kila kundi, basi hana tofauti na mashine. Ubora wake uko katika kusimama, kusubiri, na kupokea swali asilolitarajia. Na mtengenezaji wa mchezo anaweza kumwiga: amwache shahidi aseme jambo ambalo hakuulizwa, kisha amwachie mchezaji aamue kusimama au kupita, bila alama yoyote.

Miongoni mwetu hapa Durban wamo waliotoka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Watoto wanaojifunza kusikiliza vile ndio watakaojua la kufanya siku mzee wa nyumbani atakapotaja jambo moja kisha akanyamaza. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.