Milioni Tatu, Kigawanyo Kibovu

Mnaikumbuka Oktoba 1993. Hapa kwetu Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, serikali ya Waziri Mkuu Birindwa ilileta sarafu ya zaire mpya, na kila mwenye noti za zamani akatakiwa kuzigawanya kwa 3,000,000. Kufuta sufuri kulikuwa lazima, sibishi. Ila ile 3 iliyotangulia sufuri sita lilikuwa kosa, tena kosa lililoonekana kwenye karatasi kabla ya kufika sokoni.

Ivunjeni namba hiyo: 2 mara sita, 5 mara sita, na 3 moja. Tunahesabu kwa kumi, na kumi ni 2 na 5 tu. Kigawanyo chenye vigawo tasa hivyo viwili tu hukata namba yoyote nzima, desimali zikakoma. Ingiza 3, na desimali zitajirudia bila mwisho, isipokuwa kama namba inayogawanywa nayo ina 3 ndani yake. Sasa tazameni noti zilizokuwa mikononi: 50,000 ile ya gorila, 100,000, 200,000, 500,000, 1,000,000, na 5,000,000 iliyokataliwa. Hakuna hata moja yenye 3!

Zaire mpya ilikuwa na makuta mapya 100, hivyo likuta moja lilibeba zaire 30,000 za zamani. Noti ya gorila ikawa likuta 1.666 na kuendelea. Noti ya milioni, makuta 33.333. Mama anayeuza mawese pale Hombo akipokea makuta 33 kwa milioni yake, zaire 10,000 zimempotea. Akipewa 34, mnunuzi ndiye aliyepoteza 20,000. Ili hesabu itoke safi, mpaka milioni ziwe tatu, sita au tisa. Wangechagua 1,000,000, likuta lingekuwa zaire 10,000 kamili na noti zote sita zingekatika bila baki. Kasai waliikataa zaire mpya kwa sababu za kisiasa, lakini kihesabu waliliepuka balaa hili.

Mtu asiniambie kwamba milioni tatu ina vigawo 98 na milioni moja 49 tu. Nimelisema hili mara nyingi: wingi wa vigawo ni sifa ya namba inayogawanywa, si ya ile inayogawanya.

Waliounda zaire mwaka 1967 walilijua hilo. Waligawanya faranga kwa 1,000, basi. Na zamani sana kabla yao, humu humu Kivu Kaskazini, mchongaji wa mfupa wa kale wa Ishango alichanja katika safu moja 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote kati ya 10 na 20, jumla yake 60. Wapo wanaoiita bahati. Mimi naona mkono uliojali namba. Mfupa huo uko Brussels hadi leo, na sitaacha kuudai.

Faranga ya 1998 iligawanya kwa 100,000, kazi safi. Lakini haikuweza kuiondoa 3. Kutoka faranga ya kabla ya 1967 hadi ya sasa, kigawanyo kizima ni 300,000,000,000,000: 2 mara kumi na nne, 5 mara kumi na nne, na 3 moja, ile ya Birindwa.